Maswali ya Wasomaji: Pijo la Zamani na Chumvi ya Mombasa

Mwezi uliopita tulichapisha picha ya Peugeot 504 ya stesheni wagoni iliyoegeshwa chini ya mkungu huko Tononoka, na sikutarajia kwamba picha moja ingeleta barua nyingi kiasi hiki. Nimezichagua tano. Walioniuliza bei ya gari lile wanisamehe, kwani mwenyewe haliuzi, na nimekwisha kumuuliza mara mbili kwa faida yangu mwenyewe.

SWALI: Assalaam aleikum, Maalim. Nimestaafu kazi ya bandarini, na sehemu ya kiinua mgongo changu nimenunulia Peugeot 504 ya stesheni wagoni, ile yenye safu tatu za viti, iliyokuwa imelala miaka sita katika ua wa nyumba moja hapa Majengo. Mama watoto anasema nimenunua banda la kuku. Wanangu wananiuliza kwa nini sikununua gari dogo la Kijapani kama watu wengine. Gari linawaka kwa kusukumwa, lina kutu, na viti vimeliwa na panya, lakini kila nikishika usukani najiona kijana. Je, nimepotea? Na kama sikupotea, nianzie wapi? — Mstaafu, Majengo

JIBU: Wa aleikum salaam, Mzee wangu. Hukupotea, ingawa mkeo naye hakusema uongo, kwa sababu gari lililolala miaka sita Mombasa huwa ni banda la kuku mpaka pale mtu atakapoamua vingine.

Waambie wanao hivi. Banda hilo lina urefu wa mita 4.80, na nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, yaani sentimita 16 zaidi ya saluni ya aina hiyohiyo. Waliolibuni hawakuchukua saluni wakaipachika kisanduku kwa nyuma. Walilirefusha gari lenyewe, na mhimili wa nyuma wakauwekea springi nne za mviringo, mbili kila upande, ndiyo maana likibeba watu saba na gunia la nazi halikai kitako kama mbwa. Saluni ya 504 ilizinduliwa mwaka 1968, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya mwaka 1969, na kisha mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo mashindano ya magari ya Safari katika matope na vumbi la nchi hii, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa ile ya milango miwili. Wazee wetu hawakuhitaji kusoma habari hizo gazetini ili kuliamini. Walikuwa wakilipanda kwenda bara, mizigo ikiwa imefungwa kamba juu ya paa, na walikuwa wakifika.

Sasa kuhusu pa kuanzia. Najua unataka kuanza na rangi, kwa sababu kila mtu hutaka kuanza na rangi, na hapo ndipo fedha nyingi za kiinua mgongo zilipozama. Gari lililopakwa rangi likang'aa, lakini breki zake hazijaguswa, huishia kufunikwa turubai na kuonyeshwa wageni, na raha ya stesheni wagoni haiko chini ya turubai. Anza na kusimama, kisha kuwaka, kisha kutembea. Rangi iwe ya mwisho kabisa.

Kwa kusimama nina maana ya breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo baada ya miaka sita ndani ya mabomba yale mna maji na kutu. Mwambie fundi ayamwage yote, afungue silinda za magurudumu zote, na abadilishe kila mpira. Mabomba ya mpira usiyaonee huruma hata kama yanaonekana mazima kwa nje, kwani huvimba kwa ndani, na dalili yake ni kwamba umeshaondoa mguu kwenye pedali lakini gurudumu bado limeng'ang'ania. Tairi nazo zitazame ubavuni: utaona tarakimu nne zilizozungushiwa duara, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka zilipotengenezwa. Ukiona 1109, basi tairi hiyo ni ya wiki ya 11 ya mwaka 2009, na haijalishi kwamba meno yake bado yamesimama.

Kisha mafuta. Petroli iliyolala miaka sita hugeuka kitu chenye harufu ya vanishi, na ukiifikisha kwenye kabureta umejitafutia kazi ya pili. Liondoe tangi, lioshwe, likauke juani. Kazi ya kabureta ningekuomba uifanye mwenyewe, Mzee wangu, kwa sababu ndiyo kazi inayomfundisha mtu kulipenda gari. Tandika gazeti juu ya meza, ifungue kabureta polepole, na kila skrubu iweke juu ya gazeti kwa mpangilio ulivyoitoa. Katika bakuli la kabureta utakuta uchafu wa rangi ya chai. Utaona vijishimo vya shaba vyembamba mno, ambavyo ukivielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuchungulia kwa jicho moja, unatakiwa kuona mwanga upande wa pili. Kisipoonyesha mwanga, usikichokoe kwa sindano, kwani shaba ni laini na shimo likipanuka kidogo tu gari litakunywa mafuta kama ngamia. Chomoa unywele mmoja wa brashi ya nguo, au puliza kwa pampu ya baiskeli. Nakuhakikishia kwamba siku utakapochungulia na kuuona mwanga, utamwita mkeo aje aone.

Halafu platini ya kugawia moto. Kama bado ni ya asili, isugue kwa msasa laini, pima mwanya wake, ambao kwa kawaida ni milimita 0.4, na ubadilishe plagi. Injini hizi za sentimita za ujazo 1,796 na 1,971 hazina kompyuta ya kukuficha ugonjwa wake. Zina hewa, mafuta na moto, na kimoja kikikosekana utakijua kabla ya chai ya saa nne.

Likishatembea na kusimama, litumie hivyohivyo na kutu yake. Siku ya Ijumaa baada ya alasiri wapakie wajukuu, nendeni ufukweni Mama Ngina, uliegeshe kinyumenyume kuelekea bahari, ufungue mlango wa nyuma na uwakalishe watoto pale kwenye ukingo, miguu ikining'inia, wakila viazi karai na ukwaju. Hakuna gari dogo la Kijapani linalofanya kazi hiyo. Viti vilivyoliwa na panya utavishonesha pole pole, safu moja kila mwezi, na utashangaa jinsi mkeo atakavyokuwa wa kwanza kuchagua kitambaa.

SWALI: Maalim, shikamoo. Baba yetu alituachia 504 ya stesheni wagoni na tumeitengeneza injini ikakaa sawa, lakini kila mwaka fundi wa bodi anaziba kutu palepale na kila mwaka inarudi. Sisi ni wa Likoni na tunavuka feri karibu kila siku. Je, kuna dawa? — Binti wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fundi wako haondoi kutu, anaifunika. Chukua sumaku ndogo ya kawaida uifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole juu ya bodi, hasa chini ya milango. Pale inaponata pana bati, na pale inapodondoka pana puti, ule udongo wa kuzibia bodi. Nimewahi kukagua gari moja la aina hii ambalo sumaku ilidondoka tangu mlango wa dereva mpaka taa ya nyuma; lilikuwa gari la puti lililopambwa kwa bati.

Kutu ya magari ya pwani huanzia ndani ikitoka nje, wala haianzi nje ikiingia ndani, na hilo ndilo watu wengi hawalijui. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na bati lililokaa na chumvi yenye unyevu mahali pasipoona jua huliwa usiku na mchana. Kwenye stesheni wagoni mahali hapo ni vizingiti vilivyo mashimo chini ya milango, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, mfereji wa paa, sakafu iliyo chini ya zulia, na pale linapokaa gurudumu la akiba. Kila kimojawapo kina vitundu vidogo vya kutolea maji ambavyo kwa miaka mingi vimezibwa na mchanga, na pengine na rangi ya fundi huyohuyo. Vizibue kwa waya. Huenda ukatoka na maji ya mvua ya mwaka juzi.

Kipande kilichokwisha kuoza kikatwe mpaka kwenye bati linalong'aa, kichomelewe kipande kipya, kisha kipakwe dawa ya kutu na praima pande zote mbili. Upande wa ndani, usioonekana, ndio muhimu zaidi. Puti iwe nyembamba kama ukoko wa wali, ya kulainisha tu, isiwe ya kuzibia tundu. Baada ya hapo pulizeni nta au mafuta mazito ndani ya vizingiti, na mrudie kila mwaka kabla ya mvua za masika. Wenye majahazi wa Mji wa Kale walilijua hili kabla magari hayajakuja: chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, mbao zikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu ya chini ikapakwa deheni ya chokaa na mafuta, kisha kikarudi majini, na hakuna nahodha aliyengoja mbao zioze ndipo aanze kupaka. Sikushaurini mpake gari sifa, kwa sababu hakuna atakayekubali kupanda nanyi.

Kuhusu feri, tatizo haliko juu ya maji bali kwenye gati. Siku za bamvua maji hupanda juu, na magari yanayoshuka huyarusha maji ya chumvi chini ya bodi. Siku hizo, mkifika nyumbani, fungueni mpira wa maji baridi mwoshe chini na ndani ya matao ya magurudumu. Juu mnaweza kuliacha na vumbi lake. Mkiwa na safari ya kutoka kisiwani ambayo haina haraka, barabara ya Dongo Kundu ni ndefu zaidi lakini haina maji ya bahari.

Neno la mwisho kuhusu rangi, kwa sababu najua inakuja. Msipulize rangi wakati wa masika. Mimi nilikuwa na haraka, nikampelekea fundi gari langu mwezi wa Aprili, na fundi naye hakutaka kunikatalia. Thina inapokauka haraka hulipoza bati, unyevu wa hewani ukagandia juu ya rangi ikiwa bado mbichi, na asubuhi yake gari langu la buluu lilikuwa na weupe kama limemwagiwa maji ya mchele. Tulilipiga msasa lote upya. Ngojeni kaskazi, Januari au Februari, na mpulize asubuhi jua likishapanda.

SWALI: Mheshimiwa, gari langu ni 504 ya familia. Mjini halina tatizo, ila nikipanda kuelekea Mazeras nyuma ya malori mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Nimebadilisha radieta, bado. Fundi anasema silinda hedi imekwisha. — Dereva wa Changamwe

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kufungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, fungua boneti gari likiwa na joto na uitazame feni. Peugeot waliweka feni yenye sumaku ya umeme katikati yake. Injini ikiwa baridi feni huzunguka kivivu bila nguvu, na maji yakifika joto fulani swichi ya joto hupeleka umeme kwenye sumaku, nayo sumaku huikamata feni ikazunguka pamoja na puli. Umeme huo hupita kwenye kaboni moja ndogo, ndogo kuliko kidonge cha panadoli, na kaboni hiyo ikiisha, feni hubaki inazunguka kivivu hata maji yakichemka. Barabarani upepo wa mwendo hukusaidia, lakini nyuma ya lori linalopanda kilima kwa mwendo wa bibi harusi huna upepo wowote. Kaboni hiyo inabadilishwa kwa nusu saa. Mafundi wengi hawataki kusumbuka nayo, huifunga feni moja kwa moja, na hiyo nayo si dhambi kwa hali ya hewa yetu, ingawa utasikia kelele na utalipia mafuta kidogo zaidi.

La pili, uniambie maji unayotia radieta yanatoka wapi. Kama ni ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvichumvi, basi umepata mwizi wako wa radieta ya kwanza, kwani hedi ya injini hii ni ya alumini na chumvi huila. Tia maji safi yasiyo na chumvi pamoja na dawa ya radieta, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Na kama mwisho wa yote hedi italazimika kufunguliwa kweli, msimamie fundi kwa jambo moja. Injini hii ina slivu, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazoogelea ndani ya maji, hazikugandamizwa kwenye bloku, na hedi ndiyo inayozishikilia. Ikishatoka, mtu yeyote asizungushe injini mpaka slivu zimebanwa kwa vyuma na bolti. Zikinyanyuka hata kidogo mpira wake wa chini huharibika, na utajikuta na maji ndani ya oili kwa kazi uliyoipeleka ikiwa ya gasketi tu. Faida ya mpango huo ni kwamba slivu na pistoni zikichakaa unanunua seti mpya ukazipachika, bila kuipeleka bloku kuchongwa.

SWALI: Nataka kuitoa injini ya petroli kwenye stesheni wagoni yangu niweke ya dizeli ya Toyota, kwa sababu spea za Peugeot hazipatikani. Unashauri gia gani? Gari lenyewe nilinunua kwa warithi na bado liko kwa jina la marehemu. — Msomaji, Kisauni

JIBU: Nashauri usifanye. Propela ya gari hili, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, imefungiwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa kutoka kwenye giaboksi mpaka kwenye difu, yaani gia za mhimili wa nyuma, na bomba hilo ndilo linalousaidia mhimili wa nyuma kukaa mahali pake. Ukiweka giaboksi ya Toyota utalazimika kulikata, na ukilikata umebomoa nyuma yote ya gari. Nimeona mawili yaliyofanyiwa hivyo. Yote mawili yako mahali yalipoegeshwa. Spea zipo kuliko unavyodhani, kwa sababu 504 ziliunganishwa humu nchini kwa miaka mingi, na pikapu ya 504 ilitumia injini za jamaa hiyohiyo na vitu vingi vya mbele. Tafuta pikapu iliyokufa huko Shimanzi au Jomvu, lakini usinunue springi zake za nyuma, maana zile ni za majani na hazikuhusu.

Na kwa kuwa umeandika kwamba gari hilo ulinunua kwa warithi na bado liko kwa jina la marehemu, acha injini kwanza. Mrudi mahakamani, kwa Kadhi kama marehemu alikuwa Mwislamu, mpate hati ya mirathi inayomtaja atakayetia saini, ndipo mhamishe umiliki kwenye mtandao wa serikali. Hakikisha nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye bati ndiyo iliyo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu.

SWALI: Mimi nina miaka 13. Babu ana Pijo la zamani, na mbele yake, chini kidogo ya namba, pana kitundu cha duara. Nimemuuliza babu akacheka tu. Ni cha nini? — Mjukuu, Bombolulu

JIBU: Mjukuu, ni cha hendeli. Betri ikifa, chuma kirefu kilichopinda mara mbili huingizwa katika kitundu hicho mpaka kikamate krenki ya injini, kisha mtu huizungusha kwa mkono mpaka iwake. Babu yako amecheka kwa sababu bila shaka iliwahi kumrudi. Mwombe akuonyeshe hendeli yenyewe, ambayo katika stesheni wagoni nyingi huwa chini ya kiti cha nyuma au imefungwa pamoja na jeki, na siku atakapokuruhusu kujaribu, hakikisha kwanza gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Usiishike kama unavyoshika mchi, dole gumba limezunguka upande wa pili. Weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, na uvute kutoka chini kwenda juu. Injini ikipiga kinyume, hendeli itakuponyoka mkononi na dole lako litabaki zima.